Hobi yako ya pili ni ipi?

Najua nimepotea, na kuna waliodhani nimeshapigwa disko nimerudi kwetu Tanga kuuza machungwa. Sijapigwa jamani, nipo, mwaka wa tatu huu unakwenda, ila test zilikuwa zinafuatana kama mabehewa ya treni. Leo nimepata upenyo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana na nimeona nilitue hapa.

Juzi tulikuwa vimbweta, watu sita, tunamsaidia mwenzetu kuandika CV maana anatafuta kazi ya kushikizia likizo. Tukafika kwenye kile kipengele cha "mambo unayopendelea". Wote kwa pamoja tukamtajia: kusoma vitabu, kuangalia mpira na kubadilishana mawazo na watu. Nikacheka sana. Kusoma vitabu gani, wakati hapo wengine desa lenyewe tunalifungua usiku wa kuamkia pepa?

Basi nikawauliza swali la kizushi tu: haya, ukiacha hicho unachokipenda kuliko vyote, ambacho kila mtu anakujua nacho, kingine unachopenda ni nini? Kimya. Halafu yakaanza kutoka. Jamaa mmoja mbeba vyuma, kifua kama mlango, akasema ana makopo ya rangi nyuma ya hosteli, kapanda mchicha na maua. Dada mmoja ambaye sote tunamjua kwa kwaya, anafuma vitambaa vya makochi. Mwingine anajaza fumbo la maneno kwenye magazeti ya zamani anayofungiwa maandazi. Nimekaa na hawa watu miaka miwili na sikujua hata moja. Na kila mmoja alimalizia vilevile, kwa sauti ya chini: "ila hiyo siyo hobi kabisa, ni kupoteza muda tu."

Hapo ndipo nilipopata la kuandika. Mimi nasema hiyo unayoiita kupoteza muda iangalie vizuri, maana siku moja inaweza ikakuokoa. Naongea kwa yaliyonikuta.

Wanaonijua wanajua mimi ni mpira. Yanga damu. Timu imeanzishwa mwaka 1935 na mimi najiona kama nilikuwepo. Mwaka 2023, nikiwa nyumbani nimetoka kumaliza mitihani ya kidato cha sita, tulicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger. Tukafungwa 2-1 kwa Mkapa, tukaenda kwao Algiers tukashinda 1-0, na kombe bado tukalikosa kwa sababu ya magoli ya ugenini. Usiku ule sikula. Mama akadhani nina malaria. Nawaambia hivi ili mjue kwamba nilikuwa naupenda mpira bure, bila mtu kunilipa na bila kudai kitu. Niliumia bure na nilifurahi bure.

Nilipofika chuo nikakuta mpira una ndugu yake anaitwa mkeka. Mwanzoni ni buku tu, utani wa kibanda umiza, mnachagua mechi kumi mnacheka. Kisha ikawa elfu tano. Kisha mtu unaamka saa kumi alfajiri kuangalia matokeo ya ligi ya nchi ambayo hata kwenye ramani huwezi kuionyesha. Nikawa mtaalamu, watu wananifuata chumbani niwachagulie. Na nilijisikia vizuri, nisidanganye. Hobi yangu ilikuwa imepanda cheo.

Mwaka wa pili, muhula wa pili, boom likatoka. Nikaweka shilingi 250,000 kwenye mkeka mmoja, na ndani yake nikaweka mechi ya Yanga kwamba mabao hayatafika matatu. Mahesabu yangu yalikuwa safi. Dakika za mwisho Yanga wakafunga la tatu. Kibanda kizima kikaruka, watu wanakumbatiana, viti vinapinduka. Mimi nimekaa. Nimekasirika. Yanga wamefunga na mimi nimekasirika! Jamaa mmoja akanishika bega akauliza, "Vipi mwananchi, unaumwa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Hela iliniuma, ndiyo. Nilikula wali maharage kwa mkopo wiki kadhaa, na kuna rafiki yangu namlipa deni lake mpaka leo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimepoteza kitu nilichokipenda tangu utoto, na sikumbuki kilipotea siku gani.

Jumamosi iliyofuata nikashindwa kwenda kibandani. Kila mazungumzo kule ni mkeka. Chumbani ni mkeka. Marafiki zangu wote nilikuwa nimewapata kupitia mpira, kwa hiyo mpira ulipochafuka nikabaki sina pa kukaa. Nikatoka tu natembea, nikafika getini. Pale chini ya mwembe kuna Babu mlinzi, ana bao lake, anacheza na madereva wa bodaboda.

Bao nilifundishwa na marehemu babu yangu. Nilianzia lile la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, kisha akanipandisha kwenye lenyewe: mashimo 32, safu nne za nane nane, kete 64, nyumba ina kete sita na nyingine 22 uko nazo mkononi unanamua moja moja. Pale getini nilikuwa napita mara mojamoja Jumapili, nacheza mchezo mmoja, naondoka. Sikuwahi kuihesabu kama hobi. Mimi ni mtu wa mpira bwana.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwalimu. Kaa hapo, huyu anakaribia kufa."

Nikakaa. Nilifungwa mara sita mfululizo. Babu anakula kete zangu huku anaongea na watu wanaoingia getini, hata haniangalii. Nafungwa na nacheka. Nilishtuka kusikia nimecheka, maana ilikuwa imepita muda. Pale hakuna aliyejua kuhusu mkeka. Hakuna aliyenitegemea niwe mtaalamu. Ningefungwa hata mara ishirini, jina langu lingebaki lilelile: mwalimu asiyejua kulinda nyumba.

Sasa kwa nini nasema hili siyo langu peke yangu? Sisi wa ualimu tunasoma saikolojia ya elimu, na kuna jaribio moja ambalo mwanzoni nililikariri kwa ajili ya pepa tu. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wa shule ya awali ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa kwamba likichora litapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. La pili halikuahidiwa kitu, likapewa cheti kwa kushtukiza. La tatu halikupewa chochote. Baadaye zile kalamu za rangi zikawekwa tena darasani, bila ahadi ya zawadi, anayetaka achore. Wale walioahidiwa zawadi ndio waliochora kidogo kuliko wenzao. Walikuwa wanapenda kuchora, ikaingia bei, kupenda kukapungua.

Niliposoma tena ile sehemu baada ya yaliyonikuta, nikafunga daftari. Mtoto wa cheti ni mimi. Na ni wengi wetu hapa chuoni, maana cheti siku hizi kina majina mengi. Kinaitwa mkeka, kinaitwa wafuasi mtandaoni, na kikubwa kuliko vyote kinaitwa fursa.

Jamani hili neno fursa litatuua. Ukipika keki nzuri siku ya birthday ya rafiki, kesho yake unaambiwa fungua ukurasa uuze. Ukisuka wenzako vizuri, weka bei. Ukipiga picha nzuri kwenye mahafali, nunua kamera kubwa uwe unachaji. Sisemi msifanye biashara. Maisha ni magumu, boom halitoshi, na ninao wenzangu wanaojisomesha kwa kusuka. Hao nawaheshimu sana. Ninachosema ni kwamba ukiuza cha kwanza, cha pili kiache. Usikitangaze, usikiwekee bei, usijipime nacho na mtu. Kiwe mahali ambapo unaruhusiwa kuwa mbovu.

Kuna watakaonijibu kwamba mtu mwenye akili anashika kitu kimoja akibobee. Mhadhiri wetu mmoja aliwahi kutuambia darasani kwamba mwenye mapenzi mengi hana la kumfikisha popote. Mimi namkumbuka Mwalimu Nyerere. Mtu yule alikuwa anaongoza nchi nzima, na humohumo alikaa akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, kisha mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Na akimaliza hayo yote, alikuwa anapenda kukaa chini na kucheza bao. Sidhani kama kuna aliyethubutu kumuuliza bao linamlipa shilingi ngapi.

Tena sisi wa ualimu jambo hili linatuhusu mara mbili. Muda si mrefu tutakuwa mbele ya watoto. Nilipokuwa fildi kulikuwa na kijana wa kidato cha pili ambaye walimu wote walimjua kama mkimbiaji. Akikimbia anasifiwa, akishindwa anasemwa. Siku moja nikamkuta nyuma ya darasa anatengeneza gari la waya, usukani unazunguka, magurudumu yanakata kona. Kazi safi kabisa. Nikafungua mdomo nimwambie "hii tuipeleke kwenye maonyesho ya sayansi", nikaufunga. Nikamuuliza tu usukani ameufungaje. Akanieleza dakika kumi, yeye ambaye darasani hajawahi kunipa sentensi mbili. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Labda maonyesho yangemfungulia njia. Lakini nilimwona usoni, na niliogopa kuwa mtu wa kuleta cheti.

Kiswahili kina neno zuri, uraibu. Zamani lilibeba kile kitu kidogo mtu anachojizoesha kwa raha zake, tambuu, kahawa ya jioni. Siku hizi tukilisikia tunamfikiria mtu aliyenaswa na kitu akashindwa kutoka. Neno ni moja, na mimi nimekaa pande zake zote mbili. Kilichonitoa upande mmoja kunirudisha mwingine ni kwamba nilikuwa na kitu cha pili, japo kidogo na kibovu.

Mpira nimeanza kuuangalia tena, taratibu. Naangalia nikiwa sina hata shilingi ndani yake, na wiki mbili zilizopita Yanga walipofunga niliruka mpaka kandambili ikakatika. Mkeka sijaugusa tangu siku ile. Siwezi kuapa, maana nimejua mimi siyo jasiri kama nilivyojidhania, ila Jumamosi nikisikia mkono unawasha nateremka getini.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, mimi iliniponyoka ile kubwa. Sasa niambieni, kama ningekuwa nimeshika moja tu?

Kwa hiyo swali langu kwenu ni lilelile la vimbweta. Hobi yako ya pili ni ipi? Usinitajie ile ya kwenye CV. Nakutaka uniambie ile unayoisema kwa sauti ya chini. Na kama huna, tafuta kabla hujaihitaji. Kwa wale wa hapa chuoni, chini ya mwembe pana nafasi, Babu hachagui mtu na hachaji. Ila nawaonya, atawafunga.

Naomba kuwasilisha. Tuonane tena panapo majaliwa, UE zinakaribia na nyumba yangu bado haijapata wa kuilinda.