Ngoma unayoipenda inakwambia nini hasa?

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha nne achambue shairi, utaona uso ukikunjika. Mwambie aimbe ngoma anayoipenda, atakuimbia mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno. Sasa mbona hatuunganishi hivi vitu viwili?

Wacha nianze na yangu. Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji ilitoka 2002, wengi wetu tukiwa bado watoto wadogo. Mimi niliijulia kwa matatu. Ikanishika vizuri mwaka ule niliacha chuo, karo iliponilemea na kila mtu mtaani akawa na swali moja tu: sasa utafanya nini na maisha?

Lakini kupenda ngoma ni mwanzo tu. Tazama jina lenyewe. Katikati kuna "bwogo", neno la Kidholuo la kutisha au kuogofya. Mbele na nyuma kuna viambishi vya Kiingereza. Unganisha, unapata mtu asiyetishika. Mwalimu wa isimujamii anahitaji kipindi kizima kueleza kuchanganya ndimi. Hawa vijana wawili walimaliza kazi kwa neno moja.

Halafu sikiza wanavyojisifu. Hayo ni majigambo, yale yale tuliyokariri kwenye fasihi simulizi ili tupite mtihani. Waluo wana pakruok: kwenye sherehe, mtu humsimamisha mwanamuziki kwa pesa ili ajisifu au asifu rafiki zake mbele ya watu. Gidi Gidi na Maji Maji wanajigamba vivyo hivyo, ila juu ya mdundo wa hip-hop.

Sasa fika kwa kiitikio. Swali la balagha linarudi tena na tena: ni nani awezaye kuwatisha? Hapo ndipo ngoma ilinifungukia. Mtu asiyeogopa kabisa hana haja ya kuuliza mara nyingi hivyo. Mimi namsikia kijana ambaye woga uko mlangoni, naye anajipa moyo kwa sauti ili asiufungulie. Ndiyo maana ilinifaa nikiwa sina chuo wala kazi.

Wanasiasa nao walisikia yao. Mwaka huo huo NARC iliimba ngoma hii kwenye mikutano ya kampeni, na Desemba KANU, iliyotawala tangu 1963, ikaangushwa. Mpaka leo kuna watu wanaoijua kama wimbo wa siasa tu. Juni 2024 tuliona jambo kama hilo, ila mara hii vijana ndio waliochagua: Anguka Nayo ya Wadagliz, ngoma ya kudensi, ikawa wimbo wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha.

Ngoma ina nguvu hivyo. Usipojua yako inasema nini, kuna mtu atakuja kukusemea, na utamfuata ukidensi.

Kwa hivyo walimu, hata mara moja kwa muhula, ruhusuni mwanafunzi alete ngoma yake darasani. Maudhui yamo, takriri imo, nafsi neni imo. Na wewe unayesoma hii ukiwa na visikizi masikioni, andika maneno ya ngoma yako kwa karatasi, uzime mdundo, kisha uulize: nani anaongea, anaongea na nani, na anaogopa nini?