Punje za Sataranji na Hesabu ya Watu

Mfugaji wa Iftin, katika mji wa Garissa, akiambiwa kwamba mbuzi wake kumi wamekuwa ishirini, huenda zizini akawahesabu. Lakini akiambiwa kwamba watu wa Mandera wamepita milioni moja, hana zizi la kwenda kuwatazama. Je, hesabu iliyo kubwa kuliko upeo wa macho yaweza kupimwaje na mtu mwenye kalamu na karatasi tu?

Njia moja imo katika hadithi ya kale iliyoandikwa na mwanachuoni Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282. Sissa, mwenye kuubuni mchezo wa sataranji, aliambiwa na mfalme wa Bara Hindi achague zawadi. Akaomba punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, na kuendelea vivyo hivyo maradufu hata nyumba ya 64. Mfalme aliliona ombi hilo kuwa dogo mno, kumbe ghala zake zote hazikutosha. Jumla ya punje ni 18,446,744,073,709,551,615.

Hesabu hiyo, ingawa ni kubwa ajabu, ina tabia zinazojulikana. Yaishia kwa 5, basi yagawanyika kwa 5 bila baki. Tarakimu zake zikijumlishwa hufanya 87, basi yagawanyika kwa 3 pia. Tena kila nyumba ina punje moja zaidi ya jumla ya nyumba zote zilizoitangulia: ya nne ina 8, na tatu za kwanza pamoja zina 7. Kwa hiyo kitu chenye kuongezeka maradufu hakiwezi kuendelea hivyo kwa muda mrefu, maana dunia haitakitosha.

Kipimo hiki chafaa pia kwa hesabu za watu. Mwaka 1999 Mandera ilihesabiwa watu 250,372; mwaka 2009, watu 1,025,756. Ni zaidi ya mara nne, yaani maradufu mara mbili katika miaka kumi. Wanadamu wakiongezeka kwa kuzaana tu, hata kwa asilimia 4 kila mwaka, huhitaji miaka ipatayo 18 kuwa maradufu mara moja. Msomaji na aiendeleze hesabu ya Mandera kwa mwendo ule ule, maradufu kila miaka mitano. Baada ya miaka 75, atakapofika nyumba ya 16 tu ya ubao, atapata watu 8,204,189,696 katika Mandera peke yake. Na watu wote wa dunia walitimia 8,000,000,000 mwaka 2022.

Mwaka 2010 Waziri wa Mipango, Bwana Wycliffe Oparanya, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya wilaya nane, tano kati yake zikiwa za Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na shauri likafika mahakamani. Huo haukuwa ugomvi wa bure. Katika kanuni ya kwanza ya kuzigawia kaunti fedha, idadi ya watu ilibeba sehemu 45 katika kila 100. Anayezidisha hesabu hula fungu la jirani. Anayepunguziwa hesabu hukosa dawa na madarasa.

Hata hivyo kipimo hiki kisitumiwe kuwahukumu watu. Chasema tu kwamba kuzaana peke yake hakuwezi kuziunganisha hesabu hizo mbili. Yawezekana ya pili ilizidishwa. Yawezekana ya kwanza ilipungua, kwa kuwa mhamaji aliye malishoni hapatikani kwa urahisi siku ya kuhesabiwa. Yawezekana wengine walihamia kutoka kwingine. Mwaka 2019 Mandera ilihesabiwa watu 867,457. Kalamu huonyesha mahali pa kuuliza, bali jibu hutoka kwa kuhesabu watu kwa uaminifu, boma kwa boma. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.