Sizoni za mashujaa: kabla ya kumjazia mtoto flashi

Kwa wauza muvi wa Bukoba mjini na Muleba, mtoto akitaja "za mashujaa" flashi hujazwa bila maswali. Zote zimetoka kwenye vitabu vya katuni vya Marekani, ila hazilingani uzito.

The Flash (2014 hadi 2023) huonekana ya mbio na radi tu. Kumbe Barry Allen aliuliwa mama yake akiwa na miaka 11, na baba akafungwa kwa kosa lisilo lake. Anapopata uwezo wa kurudi nyuma anamwokoa mama, na maisha ya wengine yanavurugika. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa 1983 na watoto wengi wakabaki kwa bibi, hilo halihitaji maelezo. Mtoto aliyefiwa aitazame akiwa na mtu mzima pembeni.

Black Lightning (2018 hadi 2021) inachimba zaidi. Shujaa ni mkuu wa shule, baba wa mabinti wawili, aliyeacha mapambano miaka 9 kwa sababu mkewe alichoka kumpokea akiwa na damu. Baba ana deni kwa mtaa au kwa nyumba yake?

The Boys nayo ina kina, tena kikali: kampuni inauza mashujaa kama sabuni na kuficha maovu yao. Ila ni ya watu wazima, imejaa damu na ngono, na lile joho la Homelander humdanganya hata muuzaji.

Zilizotafsiriwa na madijei huchekesha kweli. Tatizo, Barry analia na sebule nzima inacheka.