Mwambie daktari kwamba mtoto alisafiri

Chukulia binti wa kidato cha tatu anayesoma Dodoma. Shule imeandaa safari ya Mombasa, Kenya, ili wanafunzi wakaone kwa macho yale wanayoyasoma kwenye somo la historia. Mama amelipa mchango, amenunua viatu vipya na kukaanga karanga za njiani. Hata kadi ya chanjo ya homa ya manjano ameishughulikia mapema, kwa kuwa huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa.

Basi linapita Morogoro, Chalinze na Segera. Wanalala Tanga, kesho yake wanavuka mpaka wa Horohoro na kulala Mombasa. Asubuhi inayofuata ndiyo siku yenyewe.

Wanaanza na Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Binti anagusa kuta nene za mawe ya matumbawe, anapiga picha mizinga, anatazama vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno iliyozama karibu na hapo mwaka 1697. Wanaelezwa kuwa Waomani waliizingira ngome kwa karibu miaka mitatu hadi kuitwaa Desemba 1698, na kwamba wengi waliokuwa ndani waliuawa na maradhi.

Saa sita mchana wako Mji wa Kale, wakipita vichochoro na milango ya kuchongwa. Hapo kichwa kinaanza kumgonga. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na joto lake ni kavu, jasho hukauka haraka. Mombasa hewa ina unyevu mwingi, hivyo jasho halikauki na mwili haupoi upesi. Isitoshe, tangu chai ya asubuhi hajanywa maji, akiogopa kuhangaika kutafuta choo ugenini. Viatu vipya navyo vimemtoa malengelenge.

Mwalimu anamkalisha kivulini na kumpa maji kidogo kidogo. Baada ya muda anacheka na wenzake, wakila viazi karai vya moto.

Anarudi nyumbani salama. Picha zinazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, halua aliyoleta inaisha siku hiyohiyo.

Siku ya kumi na mbili anaamka na homa.

"Ni uchovu tu, mwanangu. Meza panadol ulale," mama anamwambia.

Kesho yake homa imepanda, anatetemeka, hataki kula. Mama anawaza UTI, anawaza taifodi. Malaria haimjii akilini, na si ajabu: Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Lakini hapo ndipo penye hatari. Mtoto aliyekulia penye malaria kidogo mwili wake haujajenga kinga dhidi yake, hivyo akiipata Pwani inaweza kuwa kali kwa muda mfupi.

Zahanati, mhudumu anauliza: "Mama, mtoto alisafiri hivi karibuni?"

"Alikwenda Mombasa, lakini zinakaribia wiki mbili sasa."

Kidole kinatobolewa. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria, na binti anaanzishiwa dawa mseto siku hiyohiyo.

Wiki hizo mbili ndizo zilizomchanganya mama. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Mtoto anaweza kuumwa na mbu usiku mmoja tu wa safari, akaugua akiwa tayari amerudi darasani.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya safari mwulize mtaalamu wa afya kama mtoto anahitaji dawa ya kuzuia malaria, na uliza shule kama watakakolala kuna vyandarua. Mpe viatu alivyozoea, kofia, chupa ya maji na, kwa binti, pedi za akiba. Kama ana pumu au selimundu, mwalimu ajue kwa maandishi, na dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Mwenye selimundu akikosa maji anaweza kupata maumivu makali, hivyo asiachwe akae na kiu.

Akirudi, homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe siku hiyohiyo. Usisubiri kuulizwa, sema mwenyewe alikwenda wapi na lini. Akipewa dawa amalize dozi yote, hata kama amepata nafuu siku ya pili. Akipata degedege, akipumua kwa shida, akitapika kila kitu au akishindwa kuamka vizuri, mkimbize hospitali, hata kama ni usiku wa manane.