Kabla Hujatoka Kuandamana, Tuachie Jina Lako



Kuna siku tuliandamana kwa sababu ya maji. Mifereji ya mtaa wetu ilikuwa mikavu kwa wiki kadhaa, bei ya mtungi ikipanda kila asubuhi, tukasema basi, twendeni tukawaulize wahusika. Tulikuwa watu kama arobaini. Tulitembea vizuri, tukaimba, tukafika. Halafu vikarushwa vitoa machozi, na kila mtu akashika njia yake.

Jioni baada ya Magharibi tukahesabiana kwenye grupu la WhatsApp. Kadogo hayuko. Simu yake imezimwa. Tukaenda stesheni ya kwanza, tukaulizwa: "Mwamtafuta nani?" Tukasema kijana mmoja mrefu hivi, aitwa Kadogo. "Jina lake rasmi?" Kimya. Stesheni ya pili, swali ni hilohilo na kimya ni kilekile. Miezi mitatu kijana yule alikuwa akitubebea spika, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina lake kamili. Mamake naye hakuwa na nambari ya yeyote kati yetu. Usiku ule sisi twazunguka stesheni, yeye azunguka hospitali.

Kadogo alilala seli siku mbili. Tulipomrudisha nyumbani, mamake hakutupigia kelele. Alisema neno moja tu: "Basi nyinyi mlimjua mabega tu. Mtu mwenyewe hamkumjua."

Nimekuhadithia haya kwa sababu wewe unayenisoma utaletewa bango jingine kwenye simu yako, kesho ama mwezi ujao. La maji, la vitambulisho, la vijana waliopotea, la Palestina. Na mimi nataka uje. Lakini usije kuwa mabega tu. Njoo ukiwa mtu anayejulikana, anayejua kilichomtoa nyumbani, na atakayekuwepo hata watu wakishatawanyika.

Wako wanaosema maandamano si kazi ya Muislamu, kwamba ni fitna. Mimi si shekhe, na masuala ya fatwa nawaachia wenye elimu yao. Lakini hebu rudi kwenye sira. Makka, kabla ya utume, alikuja mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen. Akamuuzia bidhaa mkubwa mmoja wa Kikuraishi, Al-As bin Wail, naye akakataa kumlipa. Yule mgeni akabisha hodi huku na huku, hakupata wa kumtetea. Hakuwa na ukoo pale. Ndipo akapanda jabali la Abu Qubays, Makuraishi wakiwa barazani mwao, akapaza sauti na kuieleza dhulma aliyofanyiwa mbele ya kila mtu.

Sauti ile iliwagusa watu. Wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakala kiapo kwamba watasimama na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji ama mgeni, mpaka haki yake irudi. Kisha wakaenda mpaka kwa mdaiwa, mali ikarudi kwa mwenyewe. Hicho ndicho kiapo cha Hilful Fudhul. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwepo, kijana wa miaka kama ishirini, na hata baada ya kupewa utume alikisifu.

Tizama mpangilio wake: kwanza sauti hadharani, kisha kikao, kisha kufuatilia mpaka mlangoni. Sisi vijana wa leo twaipenda ile ya kwanza. Kikao hatuna subira nacho. Na kufuatilia, ndugu zangu, tumewaachia akina mama.

Na wako wanaosema hata ukiandamana hakuna kinachobadilika. Basi twende Lamu. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050, katika kaunti ambayo mji wake wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001. Leseni ya mazingira ikatolewa 2016. Wenyeji wakahofia moshi, jivu, na bahari wanayoitegemea kwa riziki. Hawa ni watu ambao baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, walikuwa wamewekewa kafyu na wavuvi wakazuiwa kutoka usiku. Kuogopa walikuwa na kila sababu.

Waliandamana, ndiyo, na picha za mabango ulizionea. Ambazo hukuzionea ni zile siku za kukaa kwenye mikutano chini ya mwarobaini, kusoma ripoti ndefu, kuandika barua, kufungua kesi chini ya Save Lamu na kuifuata miaka. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalum ya mazingira ikaifuta ile leseni. Sababu mojawapo kubwa? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kampuni ikakata rufaa, lakini mpaka leo mtambo haujajengwa. Maandamano yaliifanya nchi isikie. Makaratasi ndiyo yaliyoishika kesi. Kimoja peke yake kisingetosha.

Sasa tuje kwenye hofu, na hapa sitakudanganya. Amani yako haikuhakikishii amani ya mwenzako. Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024 vijana walitoka na maji na bendera kupinga Mswada wa Fedha, na wako ambao hawakurudi. Kesho yake Rais akasema hautii sahihi mswada ule. Yote mawili ni kweli, na asikusimulie mtu la pili akaliruka la kwanza. Na sisi wa Pwani, wenye majina haya na kanzu hizi, tuna hofu yetu ya ziada: ukishikwa, wepesi wa kuitwa gaidi waujua mwenyewe. Kwa hivyo mama akikuzuia mlangoni, usimuone mshamba. Keti naye. Mwambie waenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi. Akikataa kabisa, heshimu. Kazi ya nyumbani ipo, na nitakwambia ni ipi.

Kwanza ijue haki yako. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka, kwa amani na bila silaha. Kuomba ruhusa hakumo. Kilichoko kwenye Sheria ya Utulivu wa Umma ni notisi: waandalizi wanampa taarifa afisa msimamizi wa kituo, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na maandamano yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kwa hivyo ukiletewa bango, swali lako la kwanza liwe: notisi imepelekwa? Nani ameisaini? Iko nakala yenye muhuri? Bango lisilo na mwenyewe, lisilo na njia wala saa ya kumaliza, liache. Huenda aliyelitengeneza ana nia njema. Huenda pia ana watu wake wa kukodiwa wanaongoja duka lako.

Pili, tuachie jina. La kwako, la babako, la babu, na nambari ya mtu wa nyumbani. Orodha hiyo isitembee barabarani na isipandishwe kwenye grupu. Akae nayo mtu mmoja muaminifu aliye nyumbani, pamoja na nambari ya wakili. Hiyo ndiyo kazi niliyokuahidi wewe uliyezuiwa na mama, na wallahi si ndogo. Barabarani usitembee peke yako; shikamana na mwenzako, mmoja akipotea mwingine ajue dakika ileile.

Ukishikwa, Kifungu cha 49 kiko nawe. Uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ama zikiishia wakati korti imefungwa, siku inayofuata ya korti. Usibishane, usikimbie, usisaini usichokisoma. Taja jina lako kwa sauti ili walio karibu wasikie.

Tatu, mawe. Kijana mmoja akirusha jiwe moja, kesho gazeti litaandika jiwe, maji hayatatajwa. Muwe na watu wenu wa utaratibu, wanaojulikana kwa nguo, na mkubaliane mapema: likirushwa jiwe, twaketi chini sote. Aliyebaki amesimama ataonekana. Tumelijaribu, na lilifanya kazi.

Nne, na hili najua litawaudhi baadhi yenu. Tuache kuingoja Swala ya Ijumaa tupate umati wa bure. Yule mzee aliyekuja kuswali hakuja kuandamana. Ukimfungulia mlango wa msikiti akakutana na moshi, umemdhulumu, na msikiti umeupakia mzigo usio wake. Weka mahali pengine, saa nyingine, na anayekuja awe amekuja kwa hiari yake. Wakija kumi, ni kumi wenye nia. Na wakati wa swala ukiingia njiani, pawe pameshapangwa pa kuswalia.

Tano, baada ya kurudi nyumbani ndipo kazi yaanza. Mlipeleka barua? Nani aliipokea? Yajibiwa lini? Maji yetu, kama wauliza, yalirudi, ingawa ni siku mbili kwa wiki. Hayakurudi siku ya vitoa machozi. Yalirudi baada ya mama watatu wa mtaa kwenda ofisini kila Jumatatu na ile nakala ya barua yenye muhuri, wakikaa kwenye benchi mpaka waitwe. Walikwenda Jumatatu saba. Sisi vijana wenye spika tulikuwa tumeshahamia jambo jingine.

Kwa hivyo usinipe laiki, ndugu yangu, dada yangu. Nipe vitu viwili. Chagua jambo moja tu linalokuuma kweli, usiyabebe yote. Na mkutano ujao wa kutoa maoni katika wadi yako ukitangazwa, nenda, hata kama viti ni vya plastiki na watu ni tisa. Keti, sema, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio. Siku ya kutoka barabarani ikifika utakuwa wajua wadai nini, na wadai kwa nani.

Kadogo bado tuko naye. Ilichukua muda, na ilibidi twende kwa mamake mara mbili, na halua, tukaombe radhi kama inavyopaswa. Spika habebi tena. Siku hizi yeye ndiye mwenye daftari la majina, na hukai kwenye orodha yake mpaka umtajie babu yako.