Binti Anapochagua Wimbo wa Kuimba Mbele ya Watu



Simu yangu ililia saa nne usiku. Alikuwa mdogo wangu aliyeolewa Mahege, kule Kibiti. Wewe mwenyewe unajua, ukipigiwa saa hizo kutoka kijijini, moyo hupiga kwanza. "Dada, huyu mtoto ataniaibisha," ndilo neno la kwanza alilosema. Hata salamu hakuna.

Binti yake ana miaka 22, na zilikuwa zimebaki siku kumi tu kabla ya sendofu yake. Kijana mmoja wa Kibiti mjini, anayekodisha spika na viti, alikuwa ameahidi kuleta kompyuta yenye nyimbo zilizoondolewa sauti ya mwimbaji. Maneno hupita kwenye kioo na anayetaka huimba mwenyewe. Ndiyo hiyo karaoke ambayo watu wa Dar es Salaam wameizoea. Binti alitaka aimbe mbele ya wageni, na wimbo alikwisha kuuchagua: taarabu ya mipasho, ya mwanamke anayemwambia adui yake kwamba kelele zake hazimnyimi usingizi.

Na kiti cha mbele angekaa nani? Mama mkwe mtarajiwa, pamoja na dada zake watatu.

"Nimemkataza, amenuna," mdogo wangu akasema. "Ananiambia, mama, ni wimbo tu."

Je, ni wimbo tu? Nililala na swali hilo, na asubuhi nikafunga mkoba.

Kabla sijafika Mahege, hebu kwanza nikueleze mashine hii ilikotoka, maana akina mama wengi tunaikemea bila kuijua. Ilianzia Japani. Neno lenyewe lina sehemu mbili: "kara" maana yake tupu, na "oke" ni kifupi cha okestra. Kwa hiyo ni muziki mtupu, wenye nafasi ya sauti yako. Mjini Kobe palikuwa na mwanamuziki wa vilabuni aitwaye Daisuke Inoue. Mteja wake mmoja, mkuu wa kampuni, alimwomba wasafiri pamoja ili ampigie muziki naye aimbe. Inoue hakuweza kwenda, basi akamrekodia muziki kwenye kanda. Mwaka 1971 akatengeneza mashine 11 za kutumbukiza sarafu, akaanza kuzikodisha. Hakuisajili kazi yake kisheria, na fedha nyingi zilikwenda kwa wengine.

Mwanzoni mashine hizo zilikuwa mambo ya baa, ya wanaume na pombe yao. Mke wa mtu au msichana wa shule hakuwa na nafasi yake pale. Lakini mwaka 1985 huko Okayama kuliibuka jambo jipya: makontena ya mizigo yaligeuzwa kuwa vyumba vidogo vya kukodi kwa saa. Hapo ndipo akina mama wa nyumbani na wasichana walipoanza kwenda kuimba kwa raha zao, bila mlevi wa kuwasogelea. Wasichana wenyewe kwa wenyewe chumbani huimba lolote wanalotaka. Akiwa na wakubwa wa kazini, msichana hutazama kwanza nani yupo, kisha huchagua wimbo wa zamani ambao mzee ataufahamu. Hata huko, basi, si wimbo tu.

Sasa je, sisi wa Pwani? Hapa ndipo mdogo wangu alipokuwa na haki ya kukosa usingizi. Kwetu wimbo una anwani, kama barua. Wanaokumbuka miaka ya 1990 wanajua jinsi Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walivyopambana kwa mipasho, na jinsi mwanamke alivyoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji katika ubeti ule ule uliomgusa jirani yake. Hakuhitaji kufungua mdomo. Ukumbi mzima ulijua amemwambia nani. Ni kama kanga: unaweza kusema uliinunua kwa sababu ya rangi, lakini aliyeyasoma maandishi mgongoni mwako hatakusadiki.

Wazee wa Rufiji nao walijua kwamba wimbo una mahali pake. Nyimbo za kumfunda mwali ziliimbwa na wanawake peke yao, faraghani. Maneno mazito yalisemwa humo kwa uwazi, nayo yakabaki humo. Aliyezipeleka nyimbo za unyago jukwaani, mbele ya wake kwa waume, ni Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, naye alikuwa bibi mtu mzima asiyeogopa macho ya mkwe yeyote! Binti wa miaka 22 ndio kwanza anaingia ukweni.

Basi nilipanda basi hadi Kibiti, kisha bodaboda hadi Mahege. Nilimkuta binti amekaa chini ya mwembe anachambua mchele, uso ameukunja. Alinipokea kwa heshima, "Shikamoo mama mkubwa," lakini nilijua anasubiri mahubiri. Sikuhubiri. Nilivua viatu, nikakaa naye mkekani, nikamwambia aniimbie huo wimbo wake.

Aliimba vizuri, sikufichi. Ana sauti nene yenye ukakasi kidogo, inayopendeza. Alipomaliza nilimwuliza, "Huyo adui katika wimbo ni nani?"

"Hakuna, mama mkubwa. Napenda mdundo wake."

"Haya. Ukifika ubeti wa pili, bibi yako mzaa mama ainuke akutunze. Unamjua bibi yako, hawezi kukaa akisikia ngoma. Dada za mama mkwe wako watasema bibi amependa mdundo?"

Alinyamaza. Kisha akacheka, akaweka ungo chini. Alilijua jambo hilo kuliko mimi, amekulia humo. Kinachotokea ni kwamba msichana hupenda wimbo kwa masikio, akasahau kuusikiliza kwa masikio ya wengine. Mama akimwambia "nakukataza" anaona ameonewa. Akiulizwa swali, mara nyingi hujijibu mwenyewe.

Mdogo wangu aliposikia tunacheka alitoka jikoni na pendekezo lake. "Aimbe Malaika! Ule ni wimbo wa heshima, hata wazungu wanaujua." Ni kweli, ulienezwa na Fadhili William wa Kenya, na Miriam Makeba akaupeleka duniani kote. Lakini binti alimtazama mama yake kwa mshangao. "Mama! Huyo ni kijana anayelia kwamba angeoa ila hana mali. Na wewe unajua nusu ya mahari yangu bado haijaletwa!"

Mdogo wangu alishika mdomo, akarudi jikoni kwake. Kumbe sisi mama zao nasi tunazipenda nyimbo kwa masikio tu.

Mwishowe binti alichagua mwenyewe wimbo wa kumshukuru mama mzazi, ambao vijana wa kwaya wanaujua sana. Pale likatokea tatizo la pili, ambalo ni la sauti. Aliyeurekodi ana sauti nyembamba ya juu kabisa. Binti wetu akijaribu kumfuata, shingo ilimtoka mishipa, na kibwagizo kikawa kilio. Nyumba nyingi humwambia mtoto wa namna hiyo kwamba hajui kuimba, kumbe amevaa kiatu cha mwenzake. Nilimpigia yule kijana wa spika nikamwuliza kama mashine inaweza kushusha muziki. Akasema inaweza, ni kubonyeza tu. Tulimwomba ashushe hatua moja, tukamsikiliza binti kupitia simu ya mkononi. Ikawa bado juu. Akashusha ya pili, na sauti ikatulia, nene na laini, ikawa kama wimbo ulitungwa kwa ajili yake.

Nilimwambia pia ayaandike maneno yote kwenye daftari ayakariri. Anayesoma kwenye kioo huwapa wageni shavu badala ya uso, na umeme ukikatika hubaki ameduwaa. Na asikimeze kipaza sauti kama muwa. Hayo mengine ni mazoezi.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Majirani wa dini zote walikuja, na sufuria za pilau sikuzihesabu. Binti aliposimama, mama mkwe alikunja mikono kifuani, na dada zake wakasogeza viti. Mimi nilikuwa nyuma karibu na yule kijana, nahakikisha hatua zile mbili hazikusahauliwa. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili, mdogo wangu akaanza kulia, na bibi, kama nilivyotabiri, akainuka na noti yake kwenda kumtunza mjukuu. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia mwingine amekasirika. Kisha mama mkwe naye akainuka. Alimpita binti, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu, akamtia elfu tano mkononi, wakashikana mabega wote wawili wanalia hadi muziki ulipokwisha.

Usiku ule wimbo wa mipasho nao uliimbwa. Wageni walipoondoka, wasichana walijifungia chumbani kwa bibi harusi na simu moja, wakauimba mara nne kwa vicheko, bibi akiwa katikati yao anapiga makofi. Mdogo wangu alitaka kwenda kuwanyamazisha. Nilimshika mkono nikamwambia aniletee chai.