Acheni Kututishia IP

"IP yako tunayo." Kitisho hiki kimekuwa fimbo ya kila mwenye mamlaka mtandaoni, makubwa kwa madogo. Msimamizi wa jukwaa akitukanwa, anakitoa. Bosi akisemwa na akaunti isiyo na jina, anakitoa. Hata kwenye vituo vya polisi wapo wanaoamini kwamba ukishaipata namba hiyo, kilichobaki ni pingu. Nyuma ya kitisho kuna imani moja: kwamba kila mtu ana anwani yake ya IP kama alivyo na namba ya kitambulisho cha taifa. Imani hiyo ni potofu, na kwetu Waafrika ni potofu zaidi kuliko kwa wengine.

Tuanze na hesabu. Anwani za IP za toleo la nne, ambazo bado zinabeba sehemu kubwa ya intaneti, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu iliisha Februari 2011. Bara letu lenye watu zaidi ya bilioni 1.4 linahudumiwa na AFRINIC, taasisi inayogawa anwani za IP barani, yenye makao yake Mauritius, na fungu lake ni takriban anwani milioni 120. Wakati huohuo chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilikuwa kimekalia zaidi ya milioni 16 hadi kilipoanza kuziuza mwaka 2017. Atakayesema kila Mwafrika ana anwani yake atuonyeshe zimetoka wapi.

Tunachofanya ni kugawana. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walieleza mbinu ya kutafsiri anwani, NAT, wakaitaja kuwa suluhisho la muda mfupi. Muda mfupi huo umepita miaka 30. Simu yako inapewa anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 10, ambayo nje ya mtandao wa kampuni haina maana yoyote. Ukifungua ukurasa, mtambo wa kampuni unaiondoa anwani hiyo, unaweka ya nje pamoja na namba ya poti, kisha unaandika kwenye jedwali lake kwamba poti hiyo kwa sasa ni ya simu yako. Jibu likirudi, mtambo unatazama jedwali na kukufikishia. Kila anwani ina poti 65,536, kwa hiyo moja inatosha kuhudumia mamia ya wateja kwa wakati mmoja. Ukinyamaza kidogo, mstari wako unafutwa na poti ileile anapewa mwingine. Na kama unatumia Wi-Fi ya nyumba ya kupanga, ruta ya mwenye nyumba imekwisha kukuchanganya na wapangaji wenzako hata kabla hujaufikia mtambo wa kampuni.

Ni kama S.L.P. ya shule ya bweni. Barua ya matusi ikifika imeandikwa namba ya sanduku tu, mwenye akili hasemi amemjua mwandishi. Anajua shule, na shule ina wanafunzi mia nane.

Waliotunga sheria nao wanalijua hili, hata kama hawalisemi. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Tanzania zilipotoka mwaka 2018, ziliwataka wenye intaneti kafe waipe kila kompyuta anwani ya umma isiyobadilika. Maana yake walikubali kwamba bila hivyo kompyuta za kafe hazitofautishiki kwa anayetazama kutoka nje. Kisha kanuni zilezile zikawataka wafunge kamera ndani ya kafe. Kamera ya nini, kama anwani inamtaja mtu? Hata baada ya kuifunga namba kwenye mashine moja, bado walihitaji kuiona sura ya aliyekaa kwenye kiti.

Ulaya wamekiri waziwazi. Oktoba 2017 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilitaka kampuni za mawasiliano ziachane na utafsiri huu wa anwani kwa wateja wengi, kwa sababu wapelelezi wanaotafuta mhalifu mmoja hujikuta wakiwapekua watu wengi wasio na hatia.

Hao wasio na hatia ndio sisi. Tovuti ikikerwa na mtu mmoja hufungia anwani, na kundi zima la wateja wa kampuni ya simu wanaoitumia anwani hiyo linakosa huduma kwa kosa lisilo lao. Wahariri wa Wikipedia wa Afrika wamelilalamikia jambo hili kwa muda mrefu: unataka kurekebisha makala kuhusu mji wako, unaambiwa umefungiwa.

Najua nitakachoambiwa: kwamba nawatetea matapeli. Hasha. Sisemi kwamba mtandaoni hakuna anayeonekana. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na kampuni ya simu ikiwa imetunza kumbukumbu za jedwali lake inaweza kufika hadi kwenye laini iliyotumika. Lakini inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: anwani ya nje, poti, na saa sahihi hadi sekunde. Tangu Juni 2011 wataalamu wa viwango vya intaneti wamewashauri wenye seva waandike poti na saa kamili kwenye kumbukumbu zao, na bado seva nyingi zinaandika anwani na saa, basi. Anayewaachia matapeli njia ni huyo aliyepuuza poti, wala si mimi ninayeiuliza. Na kampuni zikihamia toleo la sita, lenye anwani za kutosha kila kifaa, uchunguzi utakuwa rahisi zaidi, ingawa hata hapo anwani itataja kifaa, na kifaa huazimwa, huibiwa na hushikwa na watoto.

Kwa hiyo mwendesha mashtaka atakayesimama na IP peke yake aulizwe na hakimu: poti ipi, sekunde ipi? Akikosa jibu, hana mtuhumiwa. Ana orodha ya wateja wa kampuni ya simu, na pengine jina la hakimu mwenyewe limo.